Mlipuko umekwisha, virusi vimejificha wapi?

Machi 13, 2025 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo umekwisha. Watu 10 walishafariki: wawili walithibitishwa maabara, wanane walikufa kabla mlipuko haujathibitishwa. Tangazo lilisubiri siku 42 tangu kifo cha mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa, kwa kuwa aliyeambukizwa huweza kukaa siku 2 hadi 21 bila dalili yoyote, na wataalamu huzidisha siku hizo 21 mara mbili.

Katika siku hizo zisizo na dalili mtu hajawa hatari kwa wenzake. Huanza kuambukiza dalili zinapojitokeza. Lakini dereva wa lori aliyeambukizwa alipolala Nyakanazi, Biharamulo, anaweza kufika mpakani Rusumo, Ngara, akionekana mzima kabisa. Kipimo cha joto mpakani hunasa homa, hakioni virusi. Ndiyo maana waliomgusa mgonjwa hufuatiliwa kila siku kwa siku 21, na si haki kuwanyanyapaa kwa hilo.

Hata aliyepona huweza kubaki na virusi machoni au kwenye korodani kwa miezi kadhaa. Mwanaume aliyepona hushauriwa kutumia kondomu hadi shahawa zake zipimwe mara mbili na kuonekana salama.

Maficho makuu, hata hivyo, ni popo wala matunda wanaoishi mapangoni na kwenye migodi. Virusi huishi ndani yao bila kuwaumiza, vikatoka kwa mate, mkojo na kinyesi. Mtu akisikia hivyo hutamani kuwateketeza. Uganda walijaribu. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua, na popo wakaangamizwa. Popo wengine walihamia humo, na walipopimwa mwaka 2012, karibu 13 kati ya kila 100 walikuwa na virusi, wakati awali walikuwa kama 5 tu. Mwaka huohuo Marburg ililipuka tena eneo hilo. Huenda kuua popo ndiko kulikoleta kundi jipya lisilo na kinga.

Kwa hiyo waacheni popo, na msile tunda lililong'atwa. Na mchimbaji akipata homa baada ya kuingia pangoni au kwenye duara lenye popo, amweleze mhudumu wa zahanati mapema, maana siku za mwanzo Marburg hufanana mno na malaria.