Unapohamia Kitengela, uliza maji ya ploti kwanza

Ni Jumamosi asubuhi. Umeshuka kwenye matatu katika steji ya Kitengela ukiwa na mwenzako na mtoto wenu wa miaka miwili. Mmechoka na kodi ya Nairobi, na mmesikia kuwa huku chumba ni nafuu. Msimamizi wa ploti anawapandisha ngazi hadi orofa ya tatu. Anawaonyesha vigae vinavyometameta, anawasha taa, kisha anafungua mfereji wa jikoni. "Hapa maji ni ya kisima chetu wenyewe," anasema kwa fahari. "Hayakatiki." Nyinyi mnatazamana na kutabasamu, na mkono unaingia mfukoni kutoa pesa za amana.

Ngoja kwanza, msomaji. Kabla hujalipa, kuna swali moja ambalo wapangaji wengi hawaliulizi, nalo laweza kuamua jinsi meno ya mtoto huyo yatakavyokuwa maisha yake yote.

Kitengela ni mji mchanga. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya nyanda hizi ilikuwa ranchi ya jamii ambapo Wamaasai walilisha mifugo. Ardhi ikagawanywa, vipande vikauzwa, na viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi. Katika sensa ya mwaka wa 2019 mji huu ulikuwa na zaidi ya watu 150,000, na kaunti nzima ya Kajiado ilikuwa imetoka watu 687,312 mwaka wa 2009 hadi 1,117,840. Majumba ya kukodisha yalipanda haraka kuliko mabomba. Bomba la Nolturesh, linaloleta maji kutoka chemchemi za Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro, lina safari ndefu na wanywaji wengi njiani. Kwa hivyo wenye ploti wengi walichimba visima virefu kwa mashine, na mpangaji hunywa kile kinachotoka chini ya nyumba yake.

Madini yasiyoonekana

Tatizo ni madini yanayoitwa floridi. Ukanda wa Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya hadi kaskazini mwa Tanzania, una miamba iliyotokana na volkeno, na miamba hiyo ina floridi kwa wingi. Maji yanapokaa ardhini kwa miaka mingi huyayeyusha madini hayo na kuyabeba. Kajiado na nyanda za Athi ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambazo visima vyake vinajulikana kwa tatizo hili.

Floridi kidogo si adui. Huimarisha meno na kuyakinga yasioze, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Balaa huja inapozidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa kila lita.

Anayeumia kwanza ni mtoto. Meno ya utu uzima huundwa ndani ya ufizi tangu mtoto azaliwapo hadi afikapo umri wa miaka minane hivi. Floridi ikizidi katika kipindi hicho, gamba la nje la jino haliundwi sawasawa. Ubaya ni kwamba huoni kitu wakati huo. Mtoto anacheza, ana afya, meno yake ya utoto yanaonekana meupe tu. Kisha anapofika darasa la kwanza au la pili meno mapya yanachomoza yakiwa na madoa meupe kama chaki, au ya manjano, au ya hudhurungi. Yakiathirika sana huwa na vishimo na humeguka kwa urahisi.

Madoa hayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Daktari wa meno aweza kuyapunguza au kuyafunika, lakini hiyo ni kazi ya gharama. Si uchafu, si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana ya ukoo. Hata hivyo, mtoto huchekwa shuleni, akajifunza kuziba mdomo kwa mkono kila anapotaka kucheka.

Wewe mtu mzima meno yako yamekwisha kuundwa, hayatapata madoa hayo. Lakini usijione umepona kabisa. Mtu akinywa maji yenye floridi nyingi mno kwa miaka mingi, madini hayo hujikusanya mifupani, viungo vikakakamaa na kuuma.

Kuchemsha hakusaidii

Hapa ndipo akina mama na akina baba wengi hujidanganya. "Sisi huchemsha maji yetu," utawasikia. Kuchemsha ni jambo jema kwa sababu huua viini vya magonjwa. Lakini floridi si kiini, ni madini. Ukichemsha, maji hupungua kwa mvuke, floridi inabaki sufuriani, na kila lita iliyosalia huwa nayo nyingi zaidi. Dawa ya klorini pia haiiondoi, wala kitambaa cha kuchujia.

Usitegemee ulimi wako. Maji ya chumvi si lazima yawe na floridi nyingi, na maji matamu si lazima yawe salama. Visima viwili vya mtaa mmoja vyaweza kutofautiana. Kipimo cha maabara peke yake ndicho kinachosema kweli.

Basi, ufanye nini?

Kwanza, uliza. Kisima kinapokamilika kuchimbwa, maji yake hupaswa kupimwa. Mwambie msimamizi au mwenye nyumba: "Naomba kuona karatasi ya maabara ya maji haya." Tafuta mstari wa floridi. Ikiwa ni 1.5 au chini yake, shukuru. Ikiwa ni zaidi, au hakuna karatasi, usikasirike wala usitukane; jua tu kwamba maji hayo ni ya kufulia, kuoga na kupigia deki. Floridi haiingii mwilini kwa kuoga. Wapangaji mkiwa wengi mwaweza kuchanga na kupeleka chupa moja ya maji maabara.

Pili, tenga maji ya kunywa na ya kupikia. Hayo ndiyo machache unayohitaji kuyatafuta kwingine. Maji ya mvua hayana floridi ya kutia hofu. Kama ploti ina paa la mabati na mifereji, mwenye nyumba aweza kuweka tangi. Maji ya mwanzo yaliyoosha vumbi yamwagwe, na yanayofuata yachemshwe kabla ya kunywewa. Ukinunua maji yaliyosafishwa dukani, muulize mwenye duka kama mashine yake huondoa madini, na ni lini maji yake yalipimwa. Huko Nakuru, ambako shida ni hii hii, vimetumika vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, navyo hupunguza floridi vikibadilishwa kwa wakati.

Tatu, mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Maziwa ya mama huwa na floridi kidogo sana hata kama yeye mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Mtoto asipewe kitu kingine, hata maji, kwa miezi sita ya kwanza. Anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima ndiye aliye hatarini.

Nne, punguza magadi jikoni. Magadi yanayotiwa kwenye githeri au maharagwe ili yaive upesi huwa na floridi pia. Ni afadhali kuroweka nafaka usiku kucha. Kadhalika, usimzoeshe mtoto mdogo chai ya majani, kwani majani ya chai yana floridi. Dawa ya meno usiiache: mtoto chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele, na afundishwe kutema.

Maji taka ya jirani

Ukiwa bado hujalipa, zunguka nyuma ya jumba. Mitaa mingi ya Kitengela haijaunganishwa na mabomba makubwa ya maji taka, hivyo kila ploti ina tangi lake chini ya ardhi. Udongo mweusi wa huku hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, nao haunyonyi maji upesi. Nyumba ya wapangaji kumi ikiingiza arubaini, tangi hujaa na uchafu ukatoka juu. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, Mto Athi ulipovunja kingo zake, wakazi walijionea jinsi maji yanavyoingia yasikoalikwa.

Tazama umbali kati ya tangi la maji taka na kisima. Wataalamu hushauri usipungue mita 30. Uliza lori la kunyonya maji taka huja mara ngapi. Kipindupindu kilipotangazwa nchini Oktoba 2022, Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuguswa. Hapa sasa kuchemsha kunafaa: maji yale yale ya mfereji yaweza kuwa na hatari mbili, na kila moja ina dawa yake. Mtu akianza kuharisha maji matupu, mpeleke hospitalini bila kuchelewa. Njiani mnyweshe lita moja ya maji safi iliyochanganywa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Mwisho, fungua dirisha. Likitazama ukuta wa jirani kwa karibu mno, hewa haitapita, na kifua kikuu hupenda vyumba vya namna hiyo. Baridi ya Julai inapobisha, usilale na jiko la makaa ndani. Makaa mekundu yasiyotoa moshi bado hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo humuua mtu usingizini.

Haki yako

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya nyumba bora, usafi unaofaa na maji safi na salama ya kutosha. Maji taka yakifurika na mwenye nyumba akanyamaza, mripoti kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Mkienda mkiwa wapangaji kadhaa, mtasikizwa upesi zaidi.

Sasa rudi orofa ya tatu. Mtoto wenu amekwisha kukinga viganja chini ya mfereji, anataka kunywa. Kodi ikipanda mwaweza kuhama, na vigae vikivunjika vitabadilishwa. Meno yanayojengwa ndani ya ufizi wake mwaka huu hayatajengwa mara ya pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzuie kidogo, kisha mgeukie msimamizi umuulize ile karatasi.