Je, Wajua? Aliyelikimbia Tetemeko na Viatu vya Barafu Miguuni

Je, wajua kwamba Yuzuru Hanyu, ambaye kwangu hana mfano kati ya wanaume waliowahi kushindana katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu, ameugua pumu tangu utotoni? Alizaliwa Sendai, Japani, Desemba 1994. Akiwa na miaka 4 alimfuata dada yake uwanjani, na hakubanduka tena. Hewa ya baridi humbana kifua mwenye pumu, na enzi hizo onyesho refu la wanaume lilichukua dakika nne na nusu za kuruka na kuzunguka bila kupumzika.

Je, wajua kwamba kiatu cha mchezo huu hakikanyagi sakafu hivihivi? Chini yake kuna chuma chenye unene wa milimita 4 hivi, kimetiwa mfereji katikati ili kibaki na kingo mbili kali, na mbele kina meno ya kuchoma barafu mchezaji anaporuka. Akitoka kwenye barafu hukivika ala, kama kisu. Machi 11, 2011, Hanyu akiwa na miaka 16, hata kuvua viatu hakuwahi. Tetemeko la ardhi lilimkuta mazoezini Sendai, akakimbilia nje navyo miguuni. Familia yake ililala siku kadhaa kwenye kambi ya waathirika. Uwanja ukafungwa, naye akawa anazunguka miji mingine kutumbuiza, maana huko ndiko alikopata barafu ya kufanyia mazoezi. Miaka mitatu tu baadaye, Sochi, alikuwa mwanaume wa kwanza kutoka Asia kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huu. Onyesho lake fupi lilipata alama 101.45, kabla yake hakuna aliyevuka 100 kwenye Olimpiki.

Je, wajua kwamba kutetea dhahabu hiyo kulishindikana kwa miaka 66? Mmarekani Dick Button alishinda mwaka 1948 na 1952, kisha kimya. Novemba 2017 Hanyu aliumia vibaya kifundo cha mguu wa kulia. Februari 2018 akaingia Olimpiki ya Pyeongchang bila kushindana popote katikati, akashinda. Mashabiki wakamwaga uwanjani midoli ya dubu Winnie-the-Pooh kumpongeza, watoto wakiteleza huku na huko kuikusanya.

Je, wajua kwamba ruko linaloitwa Axel ndilo pekee ambalo mchezaji huondoka akitazama mbele? Jina ni la Mnorwe Axel Paulsen, aliyeliruka mwaka 1882. Kwa kuwa hutua kinyumenyume, huongeza nusu mzunguko, hivyo Axel ya mara nne ni mizunguko minne na nusu ndani ya muda usiofika sekunde moja. Hanyu alilijaribu kwenye Olimpiki ya Beijing, Februari 2022. Alianguka, akamaliza wa nne, lakini waamuzi waliliandika kuwa Axel ya mara nne, jaribio la kwanza kutambuliwa hivyo katika mashindano ya kimataifa. Septemba mwaka huohuo Ilia Malinin wa Marekani, kijana wa miaka 17, akalitua salama. Mimi nalithamini anguko lile kuliko medali nyingi: mtu mwenye dhahabu mbili mkononi angeweza kuruka maruko aliyoyazoea tu.

Julai 2022 Hanyu aliacha mashindano, akabaki na maonyesho. Mrabaha wa kitabu cha maisha yake aliutoa kwa uwanja uleule wa Sendai alioukimbia siku ya tetemeko.