MAREHEMU SAMUEL SITTA: MWANASHERIA ALIYEKALIA KITI CHA SPIKA

Kila tufanyapo mjadala hapa shuleni, wengi hutaka kusema, wala hapana agombeaye kiti cha mwenyekiti. Hudhaniwa kwamba kazi yake ni kugonga meza tu. Basi yafaa tuyatazame maisha ya mtu aliyekalia kiti kama hicho katika Bunge letu.

Bwana Samuel Sitta alizaliwa Urambo, Mkoa wa Tabora, tarehe 18 Desemba 1942. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kuipinga sheria ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, naye alikuwa miongoni mwao. Rais Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza kwa mamia. Mwingine angekata tamaa. Sitta alirudi chuoni, akamaliza masomo mwaka 1971. Mwaka 1975 akawa Mbunge wa Urambo, na baadaye Waziri.

Desemba 2005 wabunge walimchagua kuwa Spika. Je, Spika ni nani? Si msemaji wa Serikali. Yeye ndiye aamuaye nani aseme, kwa muda gani, na kwa kanuni ipi. Mfano wake ni yule akaaye nyuma ya mtumbwi kule Mbamba Bay: wapigao makasia ni wengine, lakini yeye akilegea chombo huenda upande.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 2008. Bunge lilikuwa limeunda Kamati Teule kuchunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Mwenyekiti wake alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, Mbunge wa Kyela, jirani zetu wa ziwa hili hili. Taarifa iliwagusa wakubwa, lakini Spika hakuizuia. Ilisomwa hadharani tarehe 6 Februari. Kesho yake Waziri Mkuu, Bwana Edward Lowassa, alisimama akalalamika kwamba Kamati haikumhoji, akatangaza kujiuzulu. Baraza la Mawaziri likavunjwa. Angalieni jambo hili: waliochunguza walisikiwa, na aliyetajwa naye alisikiwa katika ukumbi ule ule.

Lakini kiti hicho hakimpi mtu ushindi siku zote. Mwaka 2014 Bwana Sitta aliongoza Bunge Maalum la Katiba. Wajumbe wengi wa upinzani walitoka nje wasirudi. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa bila wao, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika mwaka 2015 haikufanyika. Upande mmoja ukiondoka, hata mwenyekiti hodari hubaki na nusu ya mjadala.

Alifariki Munich, Ujerumani, tarehe 7 Novemba 2016. Mwili wake uliletwa Bungeni Dodoma kuagwa, kisha akazikwa kwao Urambo.

Basi, wanafunzi wenzangu, muhula ujao tutakapomchagua mwenyekiti wa mjadala, tusimtafute mwenye sauti kubwa. Tumtafute mwenye masikio mawili, moja kwa kila upande.