Ruhusa Uliyoitoa Dukani Bado Inafanya Kazi

Muuzaji kwenye soko la mtandaoni la Etsy akichoka kunakili anwani za wateja moja moja kwenye vibandiko vya vifurushi, hutafuta programu ya kumfanyia kazi hiyo. Zipo za kuchapa vibandiko, za kulinganisha idadi ya bidhaa kati ya Etsy, eBay na Amazon, za kupiga hesabu za kodi, za kupandisha na kushusha bei. Nyingi zimetengenezwa na kampuni nyingine kabisa, na haziwezi kufanya kazi bila kuingia dukani kwake. Anabofya "unganisha", ukurasa wa Etsy unafunguka, anapitisha macho kwenye mistari michache, anakubali na kuendelea na shughuli zake.

Mbofyo huo ndio unaoamua nani atasoma majina na anwani za wateja wake, nani ataweza kufuta bidhaa dukani, na kwa muda gani. Ndiyo maana inafaa tujue kinachoendelea nyuma ya skrini.

Zamani programu ya nje ilikuomba jina la akaunti na nywila yako. Ukiipa, ilikuwa na uwezo wote ulionao wewe mwenyewe, na kuiondoa kulihitaji ubadilishe nywila kila mahali. Mwishoni mwa mwaka 2006 mhandisi Blaine Cook, wakati huo akiwa Twitter, alianza na wenzake kutafuta njia bora zaidi. Matokeo yake ni utaratibu uitwao OAuth, uliotoka mwishoni mwa 2007. Toleo lake la pili, linalotegemewa leo na masoko makubwa ya mtandaoni, lilichapishwa Oktoba 2012.

Katika utaratibu huu nywila haiendi kwa mtu mwingine. Programu inakupeleka kwenye ukurasa wa soko lenyewe, unaingia huko, na soko linakuonyesha kinachoombwa. Ukikubali, kivinjari kinarudi kwenye programu na msimbo unaotumika mara moja tu. Programu inaupeleka msimbo huo kwenye seva ya soko na kupewa tokeni, ambayo itaionyesha kila inapotaka kusoma oda au kubadilisha bei.

Etsy inadai hatua moja zaidi, na mimi naiona kuwa ya werevu mkubwa. Kabla ya kukupeleka kwenye ukurasa wa ruhusa, programu hubuni mfuatano wa herufi na tarakimu usiotabirika, kisha huupitisha kwenye hesabu iitwayo SHA-256. Hesabu hiyo huenda mbele tu: ukipewa jibu, huna njia ya kurudi nyuma kujua kilichoingizwa. Programu hutanguliza jibu, na mfuatano wenyewe huutoa baadaye inapokuja kubadilisha msimbo kuwa tokeni. Seva hurudia hesabu, na majibu yasipolingana haitoi kitu. Aliyeudaka msimbo njiani hana mfuatano huo, kwa hiyo msimbo haumsaidii.

Udhaifu uko kwenye tokeni yenyewe. Tokeni ya umeme wa LUKU imefungwa kwenye mita moja. Ukiiokota barabarani huwezi kuwasha nayo taa za kwako. Tokeni nyingi za programu hazina mita. Seva haiulizi nani kaileta, inaangalia tu kama bado ni halali. Kwa sababu hiyo hupewa maisha mafupi: saa moja kwa Etsy, saa mbili kwa eBay. Hata Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, hutoa tokeni za takriban saa moja.

Lakini pamoja na hiyo fupi, programu hupewa nyingine ya kuihuisha, na hiyo huishi muda mrefu: siku 90 kwa Etsy, miezi 18 kwa eBay. Kwa hiyo programu uliyoijaribu mwaka jana ukaiacha inaweza kuwa bado inasoma oda zako usiku huu. Amazon imeweka ukomo wa mwaka mmoja, kisha muuzaji lazima atoe idhini upya. Nadhani hilo ni jambo jema, na masoko mengine yangefaa kuliiga, hata kama wauzaji watanung'unika.

Ukurasa wa ruhusa nao unastahili kusomwa. Etsy hugawa ruhusa vipande vipande: listings_r ni ya kusoma bidhaa, listings_w kuzihariri, listings_d kuzifuta, transactions_r kusoma mauzo. Programu ya kuchapa vibandiko ina haki ya kuomba hiyo ya mwisho. Ikiomba na ya kufuta bidhaa, mwulize mtengenezaji sababu. Asipokuwa na jibu la kueleweka, achana nayo.

Tena jina la programu halitoshi. Mei 2017 watu walipokea barua pepe ya kuwaalika kufungua waraka, wakafika kwenye ukurasa halisi wa Google, ambako programu iliyojiita "Google Docs" iliomba kusoma barua zao na orodha ya wanaowasiliana nao. Hakuna aliyeombwa nywila. Google iliizima ndani ya saa moja hivi. Na hata programu ya kweli inaweza kuibiwa: Aprili 2022 GitHub, ambako wahandisi huhifadhi kazi zao za programu, ilitangaza kwamba tokeni zilizotolewa kwa huduma za nje za Heroku na Travis CI zilikuwa zimeibwa na kutumiwa kupakua hazina za siri za makumi ya taasisi. Wenye hazina hawakuwa wamekosea popote.

Wengi wakishtuka hukimbilia kubadilisha nywila. Kwenye eBay hatua hiyo hufuta pia tokeni za kuhuisha, lakini usidhani kila soko liko hivyo. Njia ya uhakika ni kuifuta ruhusa yenyewe. Amazon huweka orodha ya programu ndani ya Seller Central, ukurasa wake wa wauzaji. eBay kwenye mipangilio ya akaunti, upande wa usalama wa kuingia. Etsy kwenye mipangilio, sehemu ya programu.

Kufuta ruhusa hakurudishi kilichokwisha kunakiliwa. Amazon inawataka watengenezaji wasihifadhi taarifa binafsi za mnunuzi zaidi ya siku 30 baada ya mzigo kufika, lakini nakala iko kwenye kompyuta zao, si zako. Kwa muuzaji aliye Kenya au Tanzania, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za 2019 na 2022 zinamhusu yeye pia anayekusanya taarifa za wateja. Basi ukishaifuta programu usiyoitumia, iandikie kampuni iliyoitengeneza uitake ifute taarifa za wateja wako, na uitake ikujibu kwa maandishi.