SAFARI YA ANGANI KUTOKA NAIROBI MPAKA NEW YORK

Vijana wengi husafiri kwa eropleni kwenda Marekani kusoma au kufanya kazi, na jamaa zao hubaki nyumbani wakihesabu saa kwa wasiwasi. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi safari hiyo inavyopimwa.

Tutwae mfano wa kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta, Nairobi, na kile cha John F. Kennedy, New York. Tarehe 28 Oktoba, 2018, eropleni ya Kenya Airways ilianza kwenda huko moja kwa moja, pasipo kutua njiani. Umbali wapata maili 7,350, yaani kilomita 11,800 na zaidi kidogo.

Maili hizo hazipimwi kwa rula juu ya ramani, maana ramani ni bapa, bali dunia ni mviringo. Mwalimu mwenye tufe la dunia na avute uzi kati ya miji hiyo miwili. Ataona uzi unapita juu ya jangwa la Sahara na kuiacha Afrika kwenye pwani ya Moroko. Mstari wa ramani hutokea kusini zaidi, Moritania; lakini njia ya uzi ndiyo iliyo fupi.

Kwenda huchukua kadiri ya saa 15, na kurudi kadiri ya saa 14. Umbali ni ule ule, ila juu sana angani katika nchi za kaskazini huvuma upepo wa nguvu utokao magharibi. Eropleni iendayo New York hupambana nao. Irudiyo husukumwa nao.

Sasa tutazame jambo liwapotezalo watu. Saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa 8 wakati wa baridi yao, na saa 7 wakati wa joto. Katika miezi ya baridi, kijana akiondoka Nairobi saa 5 usiku, atafika saa 12 asubuhi ya New York. Mzazi asiyejua ataanza kungoja habari tangu mapambazuko, na zisipofika atadhani mwanawe amepatwa na msiba. Kumbe wakati huo eropleni haijafika hata nusu ya njia. Itatua saa 8 mchana kwa saa za nyumbani.

Kadhalika, akiondoka New York saa 6 mchana, hapa ni saa 2 usiku, naye atawasili saa 4 asubuhi ya siku ya pili. Aendaye kumpokea usiku ule ule atakesha bure.

Basi kila mtu aulize kwanza: saa niliyoambiwa ni ya mji gani? Kisha aigeuze iwe saa ya nyumbani, ndipo ahesabu. Twawaomba machifu na walimu wawafahamishe wazee wasiojua kusoma, wapate kungoja kwa moyo mtulivu.