Mchezo Mrefu, Nafasi Chache: Hisabati ya Kukutana

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamepata kusikia "Paukwa!" na kuitikia "Pakawa!" Katika ngano za namna hiyo njia ni ya msimulizi peke yake. Msikilizaji hucheka na kuogopa, lakini hawezi kumzuia sungura asiende kisimani. Upo mchezo unaompa msikilizaji uwezo huo. Msimulizi hueleza mahali na hatari iliyopo. Kila mchezaji humwongoza mhusika mmoja na kusema atakalofanya. Na pale ambapo matokeo yana shaka, dadu huamua.

Asili ya mchezo huu imo katika mazoezi ya kijeshi ya Prussia. Huko, mwaka 1824, ofisa kijana aitwaye von Reisswitz alichapisha kanuni za vita vya mezani vyenye ramani, dadu na mwamuzi. Mwaka 1974, nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo mchezaji haongozi jeshi bali mtu mmoja, katika nchi ya kubuni yenye wachawi na majoka. Kisa kimoja huweza kuendelea kwa miezi, hata miaka. Mfululizo huo wachezaji huuita kampeni.

Mchezo huu hauhitaji umeme wala fedha nyingi. Unahitaji watu wakutane, na hilo ndilo gumu. Kampeni nyingi hazifi kwa sababu kisa kimeisha utamu, bali kwa sababu watu wenye shughuli nyingi hungojana. Je, ni lazima iwe hivyo? Hisabati ya kidato yaweza kutujibu.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Walimu watano wa Kumsenga, wilayani Kibondo, wamekubaliana kucheza mara moja kila majuma mawili, na mwenzao wa sita ndiye msimulizi. Wote wana madaftari ya kusahihisha, mashamba ya mahindi na maharage, na jamaa wa kuwauguza. Tuseme kila mmoja huweza kufika mara 4 katika kila mara 5. Huo ni uaminifu mkubwa. Lakini uwezekano wa wachezaji wote watano kufika siku moja hupatikana kwa kuzidisha 4/5 kwa yenyewe mara tano, nao ni takriban 33 katika 100. Kwa hiyo, wakishika kanuni ya "wote au hapana", katika siku 20 walizopanga watacheza siku 6 au 7 tu. Siku nyingine waliofika watarudi nyumbani bure, na atembeaye bure mara tatu haji mara ya nne.

Sasa tubadili kanuni, tusibadili watu. Wakikubali kucheza wafikapo wanne au zaidi, uwezekano hupanda hadi 74 katika 100. Wakikubali watatu au zaidi, hufika 94 katika 100, yaani kama siku 19 kati ya zile 20. Hakuna aliyeongezewa hata saa moja ya nafasi.

Amebaki msimulizi. Naye akifika mara 4 katika 5, ile 94 hushuka hadi 75. Dawa yake ni kumfundisha mtu wa saba kazi hiyo, ili mmoja akikosekana mwingine ashike usukani. Uwezekano wa wote wawili kukosekana ni 1/5 mara 1/5, yaani 1/25. Na hapo mchezo hufanyika takriban mara 90 katika 100.

Hapana budi tuonye jambo moja. Hesabu hizi zinachukulia kwamba kukosekana kwa mmoja hakuhusiani na kukosekana kwa mwingine. Katika nyanda za juu za Kigoma sivyo ilivyo mwaka mzima. Mvua zianzapo, kwa kawaida kuanzia Oktoba, siku imwitayo mmoja shambani huwaita wote. Na Novemba ni mwezi wa mitihani ya Kidato cha Nne. Katika majira hayo hata kanuni ya watu watatu haitoshi. Ni afadhali kikundi kitangaze likizo mapema na kutaja siku ya kurejea. Mapumziko yaliyopangwa hayaui kampeni. Yanayoiua ni yale yasiyo na mwisho unaojulikana.

Kanuni ya watu watatu hudai pia kisa kitungwe kwa namna yake. Kila kikao kiishe wahusika wakiwa mahali salama, kama vile kijijini au kambini, ili asiyekuwapo leo aweze kuingia kesho bila maelezo marefu. Daftari moja liwekwe, na mwisho wa kikao yaandikwe mambo matano tu: nani alikuwapo, wako wapi, wamepata nini, wanamwogopa nani, wanaelekea wapi.

Dadu ya nyuso 20 inayotumika katika mchezo huo haipatikani kila duka. Vipande 20 vya karatasi vilivyo sawa, vyenye namba 1 hadi 20 na kutiwa katika kopo, vyatosha. Kila kipande kirudishwe na kopo litikiswe kabla ya kuchota tena. La sivyo uwezekano hautabaki 1/20 kwa kila namba.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: waandike mahudhurio ya chama chochote cha shule kwa vikao kumi, wakadirie uwezekano wa kila mwanachama kufika, kisha wakokotoe ni akidi gani ingewezesha vikao tisa katika kumi kufanyika. Waangalie pia kama waliokosekana walikosekana siku zilezile. Wakiona hivyo, waulize sababu, kwani hapo jibu halimo katika kuzidisha bali katika kalenda.