18,446,744,073,709,551,615

18,446,744,073,709,551,615 ni namba witiri yenye tarakimu 20. Ni sawa na 2 kwa kipeo cha 64, kutoa 1, yaani 2⁶⁴ − 1. Si namba tasa, kwa sababu ina vigawo tasa 7, na vigawo vyake vyote ni 128. Katika kompyuta ndiyo namba nzima kubwa kabisa inayoweza kuandikwa kwa biti 64 pasipo alama ya hasi.

Asili yake

Namba hii inajulikana kutokana na hadithi ya kale ya sataranji. Mtu mmoja aliomba zawadi ya punje 1 ya nafaka kwa mraba wa kwanza, 2 kwa wa pili, 4 kwa wa tatu, na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili hadi mraba wa 64. Jumla ya punje zote ndiyo namba hii.

Hesabu hiyo inaweza kufuatwa pia kwa bao la Kiswahili, ambalo lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32. Tuchukue punje za ulezi, zao la jadi la Wafipa katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa. Shimo la 8 litapata punje 128, na la 16 punje 32,768. Mashimo yote 32 yatahitaji punje 4,294,967,295. Ikiwa punje 1,000 zina uzito wa gramu 2.5 hivi, huo ni ulezi wa tani 11 hivi, ambao lori moja kubwa linaweza kuubeba. Tukiongeza bao la pili ili mashimo yawe 64, tutahitaji takriban tani bilioni 46. Nafaka zote zinazovunwa duniani kwa mwaka ni kama tani bilioni 3 tu.

Vigawo vyake

Namba hii inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 87, kwa hiyo inagawanyika kwa 3. Vigawo vingine hupatikana kwa kanuni ambayo wanafunzi wa sekondari huifahamu: a² − b² = (a − b)(a + b). Kwa kuirudia tunapata:

2⁶⁴ − 1 = (2³² + 1)(2³² − 1)
2³² − 1 = (2¹⁶ + 1)(2⁸ + 1)(2⁴ + 1)(2² + 1)(2 + 1)

Mabano matano ya mstari wa pili ni 65,537, 257, 17, 5 na 3. Zote ni namba tasa.

Kosa la Fermat

Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliziona namba hizo tano kuwa tasa, akaamini kwamba inayofuata, 2³² + 1 = 4,294,967,297, ni tasa pia, na hata zote zitakazofuata. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba sivyo:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Baadaye Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kiwe na umbo 64k + 1. Kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu namba tasa zote kuanzia 3. Zenye umbo hilo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641, na jibu linapatikana katika jaribio la tano.

Hivyo vigawo tasa vya 2⁶⁴ − 1 ni 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Kila kimoja kinatokea mara moja tu, ndiyo sababu vigawo vyote ni 2⁷ = 128.

Mfano huu hutumika kuonyesha kwamba kanuni iliyokubali mara tano mfululizo bado haijathibitishwa. Mpaka leo hakuna namba tasa nyingine ya aina ya Fermat inayojulikana zaidi ya zile tano.